Boma la Mikindani: Mnara wa Mjerumani na Mji Unaobomoka Chini Yake

Ukishika barabara ya Lindi kutoka Mtwara mjini, kwa kilomita kama kumi hivi hakuna cha kukusimamisha zaidi ya mikorosho na akina mama wanaouza ming'oko kando ya njia. Halafu barabara inateremka. Mkono wa kulia inajitokeza ghuba ya Mikindani, ya mviringo na imetulia, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope kama maji yametoka. Mkono wa kushoto kuna mlima, na juu ya mapaa ya mabati na makuti limesimama jumba kubwa jeupe lenye mnara. Hilo ndilo Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Kwa sisi wa huku kusini tusio na nauli ya kwenda kutazama ngome za Ulaya kwao zenyewe, hii ndiyo ya karibu. Unatoka asubuhi na familia, na saa tisa mchana umesharudi nyumbani, watoto hoi.

Nilikwenda Jumamosi moja, upepo wa kusi umekaza, nikiwa na wanangu, binamu yao wa Dar es Salaam aliyekuja likizo, na mama yangu, mzaliwa wa Newala ambaye amepita mbele ya Boma lile tangu usichana wake bila kuingia hata mara moja. "Mimi nikafuate nini bomani?" alikuwa akisema. "Huko watu walikuwa wanapelekwa, hawaendi." Nilimbembeleza kwa ahadi ya pweza, akakubali.

Binamu ndiye aliyekuwa na shauku kupita wote. Ameshiba katuni za kwenye televisheni, kwa hiyo ngome kwake ni daraja la kuinuliwa kwa minyororo na malkia dirishani. Tulipomaliza kupanda njia ya kwenda juu, hata pumzi haijamrudia, akamwuliza kijana aliyetupokea mfalme alikuwa akilala chumba gani.

"Hapa hakukaa mfalme, mdogo wangu," yule kijana akamjibu. "Hapa alikaa bwana shauri."

Jibu hilo fupi lina historia ndefu ya pwani hii, na nadhani ndilo la kuanzia kwa yeyote anayepeleka watoto pale. Ngome nyingi za Ulaya wanazotembelea watalii zilikuwa makazi ya wafalme na mamwinyi wa nchi ile ile. Boma la Mikindani halikuwa makazi ya mwenye nchi. Lilikuwa ofisi ya mgeni yenye kuta nene. Humo alikaa mtawala wa wilaya akisikiliza mashauri na kutoza kodi, na humo walikaa askari wake, bunduki zake na mahabusu wake. Maboma ya namna hii Wajerumani waliyapanda pwani nzima hadi bara: Bagamoyo, Kilwa Kivinje, Lindi, Newala na kwingineko. Ukutani walipenda kuweka matao na juu ya paa wakakata meno meno kama ya ngome za kwao za zamani, ingawa kufikia mwaka 1895 hakuna aliyekuwa akipigana vita kwa mishale kutoka juu ya paa. Meno yale yalikuwa ya kutisha macho. Mtu aliyeko chini, kwenye ngalawa au sokoni, ilikuwa lazima ainue kichwa na kuyaona.

Na walikuwa na sababu ya kutaka kuonekana. Mwaka 1888, Sultani wa Zanzibar alipoikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, mawakala wa kampuni walitua kwenye miji hii wakidhani kazi imekwisha. Haikufika hata miezi miwili. Pangani watu walisimama na Abushiri bin Salim. Kilwa mawakala wawili wakauawa. Hapa Mikindani waliokuwapo walikimbilia baharini wakaokoa roho zao. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, na miji ya kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, ilitwaliwa Mei 1890. Boma likaja miaka mitano baadaye. Mwaka huo huo wa 1895, mwezi Novemba, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje kwa kuwapiga vita Wajerumani.

Hata hivyo, kusimamisha mnara pwani hakukuwa sawa na kuitawala nchi iliyo nyuma yake. Huko juu, kwenye uwanda wa Wamakonde mahali panapoitwa Luagala, alikuwapo mkuu wa Wayao aitwaye Machemba. Mwaka 1890 Wissmann alimwita ateremke pwani kuonyesha utii. Machemba alimjibu kwa barua, na kwa Kiswahili. Maneno yake kwa ufupi ni haya: kama unataka urafiki na biashara, mimi niko tayari, ama kuwa mtu wako wa kuamriwa, hilo sioni kwa nini nilikubali, maana mimi ni sultani wa nchi yangu kama ulivyo wewe wa kwako. Walimpelekea askari, akawarudisha. Iliwachukua Wajerumani hadi mwaka 1899 kuingia Luagala, na hapo mwenyewe alikwishavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno. Kwa hiyo kwa miaka minne tangu Boma hili lisimame, bwana shauri alikuwa akitazama bahari kwa fahari huku nyuma ya mgongo wake, safari ya siku chache tu kwa miguu, kuna mtu asiyemtambua. Niliwaeleza watoto habari hii tukiwa tumekaa kivulini. Binamu aliifurahia kuliko mnara. Aliuliza kama Machemba naye ana ngome ya kwenda kutazama. Swali hilo nalipeleka kwa wahusika wa utalii mkoani, maana Luagala ipo.

Mama yangu alikuwa kimya muda wote huo. Kijana alipofika kwenye habari za kodi ndipo alipofungua mdomo. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho: kubeba mizigo, kulima barabara, kukata kuni za serikali. Aliyebisha alikutana na kiboko. "Hamsa ishirini," akasema mama, kana kwamba anataja jina la jirani. Baba yake alikuwa akilitumia neno hilo kuwatishia wakiwa wadogo, naye alilipata kwa wazee wake: viboko ishirini na tano, adhabu iliyozoeleka ya maboma yote ya Mjerumani. Watoto walitazamana. Hicho hakimo kwenye katuni.

Tuje kwenye jengo lenyewe, maana hata mwenye hasira na historia yake atakubali kwamba fundi alijua kazi. Sogea karibu na ukuta pale ambapo chokaa imebanduka kidogo. Ndani utaona mawe ya matumbawe, mepesi kuliko yanavyoonekana, yenye matundu madogo madogo, na katika baadhi yake bado unasoma umbo la mdudu wa baharini aliyelijenga. Yameshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe yale yale juu ya tanuru la magogo yaliyopangwa duara, kisha ikaachwa ilowe na kuiva kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ufundi huu Mjerumani hakuuleta kwa meli. Ndio uliojenga Kilwa miaka mia kadhaa kabla yake, na ndio uliojenga nyumba za mawe zilizoko pale chini mjini. Yeye alileta ramani na amri. Mikono na maarifa yalikuwa ya hapa hapa.

Ukuta wa namna hii unapumua. Unyevu unaingia wakati wa masika na kutoka wakati wa kiangazi, na chokaa inauruhusu. Ukiupaka saruji, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanauimarisha, maji na chumvi vinanaswa ndani, lipu inavimba, jiwe linaoza, na baada ya misimu michache kipande kizima kinaanguka. Nimeona nyumba kadhaa za pwani zilizouawa kwa saruji yenye nia njema. Lakini na chokaa nayo ina gharama yake: uchomaji wa matumbawe umeharibu miamba ya bahari ya Mtwara na Lindi, ambako samaki huzaliana. Kwa hiyo mtu hawezi tu kusema turudi kwenye ya zamani. Anayekarabati leo anapaswa kutumia tena mawe yaliyokwishaanguka na kutafuta chokaa ya machimbo ya nchi kavu.

Juu, ghuba nzima unaiona kwa mara moja: mlango mwembamba wa kuingilia, mikoko, madau, minazi upande wa pili. Nyuma yako kuna kilima ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la Bismarck, yule Kansela wa Ujerumani aliyeondoka madarakani mwaka 1890 hata kabla Boma halijawekewa msingi. Sijui ni nani aliyeona Mikindani inamhitaji.

Chini kidogo ya Boma kuna jengo ambalo kila mwenyeji atakuonyesha kuwa ndilo lililokuwa soko la watumwa. Hapa naomba wazazi wasipite haraka, na pia wasipite na hadithi nusu. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa iliishia kwenye bandari hizi za kusini ikiwa na pembe na watu. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini Juni 1873, lakini soko kufungwa na utumwa kwisha ni mambo mawili. Wengi wanaamini Mjerumani alipofika ndipo minyororo ilipokatwa, na vitabu vingine vya watalii vinaandika hivyo bila haya. Ukweli ni kwamba serikali yake iliuacha utumwa ubaki halali. Ilichofanya ni kutangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922, Mwingereza akiwa ndiye mtawala. Yaani kwa zaidi ya miaka ishirini bendera ya Ujerumani ilipepea juu ya mnara ule, na chini yake walikuwapo watu ambao kisheria ni mali ya watu.

Karibu na hapo kuna nyumba yenye mlango wa nakshi na kibao kinachosema kwamba David Livingstone inasemekana alikaa humo. Kwamba alifika Mikindani ni kweli: alishuka hapa Machi 1866, baada ya kuona kuwa mdomo wa Ruvuma kwa tope na mikoko yake haufai kuteremshia ngamia. Alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, akitaka kuona kama watahimili mbung'o. Hawakuhimili. Akaondoka hapa kwenda bara katika safari ambayo hakurudi akiwa hai. Katika kundi lake alikuwamo Chuma, kijana wa Kiyao, na Susi, mtu wa Zambezi, ambao baada ya kifo chake mwaka 1873 ndio walioongoza kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Kwenye kibao hawamo. Na Boma lile, kwa faida ya wanaochanganya mambo, Livingstone hakuliona kamwe. Lilijengwa miaka 29 baada ya yeye kupita hapa.

Utawala wa Mjerumani Mikindani ulikoma mwaka 1916, Waingereza waliposhuka pwani katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliendelea kulitumia Boma hadi ulipokuja mpango wa Waingereza wa kulima karanga wa mwaka 1947, uliotaka bandari ya kina kirefu, na kina hicho kilikuwa Mtwara. Makao ya serikali yakahama, na wafanyabiashara nao. Mpango wenyewe ulitupwa mwaka 1951, na reli ya Mtwara hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Mtwara ilibaki na bandari, Mikindani ikabaki na kumbukumbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililichukua Boma likiwa limechakaa, likalikarabati na kuligeuza hoteli, likiwa na nia ya kuwapa vijana wa Mikindani mafunzo na ajira. Nasema wazi kwamba bila kazi ile leo tungekuwa tunatazama kifusi. Pia nasema wazi linalonikera, na Mtwara si peke yake katika hili. Teremka kutoka Boma, upite vichochoro vya mji mkongwe, uhesabu mwenyewe kuta zilizobaki bila paa, roshani zilizoning'inia kwa boriti moja, mibuyu midogo inayoota katikati ya chumba alimolala mfanyabiashara wa Kihindi au mwungwana wa Kiswahili. Jumba la mtawala mgeni limepakwa rangi. Nyumba za waliouanzisha mji, waliokuwa wakiuza gundi ya sandarusi, mpira na mtama ng'ambo kabla bwana shauri hajazaliwa, zinaanguka jiwe moja moja, na kila masika zinapungua.

Tulisimama mbele ya nyumba moja kama hiyo. Paa hakuna. Mlango ulikuwa bado umesimama: miimo yake imechongwa minyororo na maua, kizingiti cha juu kina mwaka kwa tarakimu za Kiarabu uliofutika nusu, na mfaa wa katikati, ile nguzo inayofunika mwanya wa mbao mbili, umetoboka kwa wadudu chini lakini juu nakshi ni kali kama imechongwa mwaka jana. Mwanangu wa kike alipitisha kidole kwenye ua moja hadi mwisho. Mzee aliyekuwa akishona nyavu jirani alitwambia kwamba watu hupita na kuuliza bei. Wenye nyumba wamehamia mjini, wengine hawajulikani waliko, na mlango haujui kukataa.

Nilipofika nyumbani niliitafuta sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho nyumba nyingi za Mikindani zilizobaki, na hata Boma lenyewe, haziingii mpaka zitangazwe rasmi. Lakini waliotunga sheria hiyo walikuwa na jicho kwa milango: mlango au fremu yake ya mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kilicholindwa. Hauuzwi wala hautolewi nchini bila kibali. Pale Mikindani sikukutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuambiwa habari hiyo.

Pweza wa mama tulimla pale pale karibu na soko, wa kukaanga na pilipili ya ndimu, na watoto wakamalizia ming'oko tuliyonunua njiani. Mwenye usafiri wake na saa za ziada anaweza siku nyingine kuendelea upande wa pili wa Mtwara hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Kule hakuna ngome, ila kuna mchanga, gesi chini ya ardhi, na mto wenyewe ambao nao ulipiganiwa. Mwaka 1894 Wajerumani waliinyakua Kionga, kipembe kidogo cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Wareno wakakirudisha Aprili 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawapa kabisa. Ndiyo maana leo mpaka ni maji, na ndiyo maana ukoo mmoja wa Kimakonde una wajomba Tanzania na mashangazi Msumbiji, wanaotembeleana kwa kuvukia Kilambo. Waliochora mistari ile hawakuwauliza.

Atakayekuwa na watoto likizo ijayo, ninamshauri aende. Apige simu kwanza kujua kama Boma linapokea wageni wa kutwa, maana ni hoteli na ina taratibu zake. Atafute mwenyeji wa kumzungusha na amlipe. Ajipangie saa nzima ya mji wa chini kwa kila nusu saa ya mnara. Walimu wa historia wa Mtwara, Lindi na Masasi wana darasa pale lisilohitaji ubao. Halmashauri nayo, kwa kushirikiana na Idara ya Mambo ya Kale, ingeweza kuanza na jambo dogo lisilo na mkandarasi: kupita nyumba kwa nyumba, kuorodhesha milango iliyobaki Mikindani, kuipiga picha, na kuwapa wenyewe karatasi inayosema sheria inasemaje.

Na wewe msomaji, ikiwa ukoo wako una nyumba ya namna hiyo Mikindani, Sudi, Lindi au Kilwa Kivinje, na akaja mtu na fedha mkononi akitaka mlango, mwulize kwanza kibali kiko wapi.